Endometriosisi: ultrasaundi inaona nini kabla ya upasuaji?

Nimeambiwa ultrasaundi yangu haina tatizo, lakini kila nikiingia kwenye siku zangu nashindwa hata kusimama. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, na maumivu yako ni ya kweli hata kama ndugu wanasema ni chango tu. Swali la kwanza ni hili: ulipigwa ultrasaundi ipi? Wengi wetu hunyweshwa maji hadi kibofu kijae, kisha tunapimwa juu ya tumbo. Kipimo hicho kinaonyesha mimba, faibroidi na uvimbe mkubwa wa ovari. Endometriosisi ni tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi, ila zimeota nje yake. Mara nyingi zinajificha nyuma ya kizazi, kwenye kano zinazokishikilia au kwenye ukuta wa utumbo mpana. Huko panafikiwa vizuri zaidi na ultrasaundi ya ukeni, tena mikononi mwa mtu anayejua anachokitafuta.

Anatafuta nini hasa?

Mwaka 2016 kundi la wataalamu wa kimataifa liitwalo IDEA lilipendekeza hatua nne. Mpimaji anaanza na kizazi na ovari. Uvimbe wa endometriosisi kwenye ovari, ambao madaktari huuita uvimbe wa chokoleti kwa sababu ya damu nzito iliyokaa ndani yake, huonekana wa kijivu sare, kama kioo chenye ukungu. Halafu anasukuma taratibu aone kama ovari inacheza au imenata. Wakati mwingine ovari zote mbili huwa zimevutwa nyuma ya kizazi hadi zikagusana.

Hapo atakuuliza panapouma. Tafadhali usivumilie kimya kwa aibu. Jibu lako ni sehemu ya kipimo, kwa kuwa maumivu ya mahali pamoja mahususi humwelekeza pa kuchunguza zaidi.

Hatua ya tatu ni kuangalia kama kizazi na utumbo vinateleza kimoja juu ya kingine. Visipoteleza, huenda nafasi iliyo kati yao imeziba kwa makovu. Mwisho anasaka vinundu kwenye kibofu, kano, uke na utumbo. Mpimaji makini hupandisha kipimo hadi kwenye figo pia, maana kinundu kikibana mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, figo inaweza kuharibika polepole bila dalili yoyote.

Si lazima nipasuliwe ndipo ijulikane?

Ndivyo ilivyofundishwa kwa miaka mingi: laparaskopi kwanza, yaani upasuaji wa matundu madogo unaoingiza kamera tumboni, ndipo ugonjwa upewe jina. Mwongozo wa mwaka 2022 wa ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, umeacha kuihesabu kuwa kipimo kikuu. Sasa inashauriwa kwa ambao picha hazikuonyesha kitu, au dawa hazikuwasaidia au haziwafai. Daktari anaweza kukuanzishia matibabu ya homoni kutokana na maelezo yako na picha, bila kukupasua.

Na kama upasuaji hauepukiki?

Hapo ndipo picha nzuri ina thamani kubwa kuliko yote. Kinundu kilichoingia kwenye utumbo kinaweza kuhitaji daktari bingwa wa upasuaji wa utumbo awepo chumbani. Asipojulishwa mapema, mgonjwa anaweza kufunguliwa, ugonjwa ukaonekana, akafungwa bila kuondolewa, kisha akaambiwa arudi siku nyingine. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi lingeweza kuepukika.

Kipimo kizuri kisipoona kitu, basi sina?

La. Madoa ya juujuu kwenye utando wa tumbo ni membamba mno, na kwa kawaida ultrasaundi huyapita. Majibu safi hayaufuti ugonjwa.

Sijawahi kujamiiana. Nifanyeje?

Mweleze mpimaji kabla hajaanza. Kuna ultrasaundi ya tumbo, ya kupitia njia ya haja kubwa, na MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Hakuna kinachofanyika bila ridhaa yako.

Niende na nini siku ya kipimo?

Tarehe za hedhi zako, na ukweli wote: kama unaumia wakati wa haja kubwa ukiwa kwenye siku zako, wakati wa tendo la ndoa, au umetafuta mtoto bila mafanikio. Mwombe pia daktari aandike neno endometriosisi kwenye fomu. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya tumbo" peke yake haimwambii mpimaji aangalie nyuma ya kizazi.