Mbona daktari wa akili anauliza leo ni siku gani?

Ndugu wanaomsindikiza mgonjwa kliniki ya afya ya akili huniuliza maswali haya karibu kila siku. Nayajibu kama ninavyowajibu pale kwenye benchi.

Mgonjwa wetu kaulizwa maneno tu. Kipimo kiko wapi?

Maneno ndiyo kipimo chenyewe. Kinaitwa uchunguzi wa hali ya akili. Damu inaweza kupimwa pia, lakini hakuna kipimo cha damu kitakachoonyesha kwamba mtu anasikia sauti au amekata tamaa ya kuishi. Tunaanza hata kabla hajakaa: anavyotembea, alivyovaa, kama anakutazama. Mzee aliyeitikia "marahaba" maisha yake yote, leo anaamkiwa ananyamaza, hilo tunaliandika. Kisha tunasikiliza kasi ya usemi, na kama wazo moja linafuatana na jingine. Tunamuuliza anajisikiaje, tunatazama na uso wake. Anayesimulia msiba huku anacheka, tunaandika alichosema na kicheko pia.

Kumuuliza mtu mzima siku na tarehe si kumdharau?

Hapana, ila inategemea unavyouliza. Mimi huomba radhi kwanza: "Mama, nitakuuliza maswali, mengine mepesi, kila mtu namuuliza." Tunataka kujua kama anafahamu yuko wapi, na ni siku gani. Tunamtajia vitu vitatu, tuseme embe, kiti na shilingi, na baada ya dakika tano tunamwomba avirudie. Wengine huambiwa watoe 7 kwenye 100, kisha 7 tena: 93, 86, 79. Hapo tunapima umakini, hesabu ni njia tu. Kwa hiyo asiyesoma shule simpi swali hilo. Namwomba ataje siku za wiki kinyumenyume, kuanzia Ijumaa.

Bibi alikuwa mzima kabisa, ghafla juzi akaanza kuweweseka. Ndiyo wazimu?

Hapa naomba mnisikilize sana. Asubuhi anaongea vizuri, usiku anamwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Anasinzia katikati ya sentensi. Vidole vinachuna nyuzi za kanga, vinashika vitu visivyokuwepo hewani. Fahamu inayokuja na kuondoka hivi, na imeanza kwa saa au siku chache, mara nyingi chanzo chake ni mwili: malaria kali, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, sukari kushuka, au dawa alizoanzishwa. Ni dharura. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, msisubiri siku ya kliniki.

Akisema ana majini, mtaandika ni mgonjwa wa akili?

Si kwa sababu hiyo peke yake. Imani ambayo familia na majirani wanaishiriki hatuiiti dalili. Vilevile aliyefiwa karibuni anaweza kusikia sauti ya marehemu ikimwita, na asiwe na ugonjwa wowote. Ndiyo maana tunawauliza ninyi: jambo hili kwenu ni la kawaida? Au hata ninyi limewashangaza?

Daktari alimuuliza kama anawaza kujiua. Hamumpi wazo hilo?

Hatumpi. Anayewaza kujiua tayari analo, na mara nyingi amelibeba peke yake kwa aibu. Nimeona mabega yakishuka baada ya swali hilo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akikubali, tunauliza zaidi: amepanga vipi, ana sumu au kamba nyumbani, amewahi kujaribu? Hata ninyi muulizeni, kwa upole na bila kumkemea. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, ondoeni sumu na dawa alipo, mleteni siku hiyo hiyo.

Sisi ndugu tuingie naye?

Mwanzoni mgonjwa hukaa na daktari peke yake, kwa sababu yapo asiyoweza kuyasema mbele ya mume au mama mkwe. Baadaye tunawaita. Tuambieni alivyokuwa kabla, mabadiliko yalianza lini, analala saa ngapi, anakula nini. Na dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, zileteni kwenye mfuko mmoja.