Je, wajua kwa nini usiku huwa mgumu kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau?

Familia nyingi zinazomuuguza mzee mwenye dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau unaoharibu ubongo taratibu, zitakuambia kwamba mchana wanaumudu. Mzee atauliza swali lile lile mara kumi, atatafuta kofia aliyoivaa, lakini siku itakwenda. Kinachowashinda ni usiku. Saa tisa usiku bibi anapiga yowe kwamba nyumba imejaa watu asiowajua. Babu anarusha ngumi usingizini na kumuumiza mkewe. Mwingine ameshavaa viatu, anataka kwenda shamba lililouzwa zamani. Kukipambazuka nyumba nzima ina macho mekundu, na mzee mwenyewe anasinzia kwenye kiti kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa nini usiku? Kwa sababu ubongo haulali kwa kuzimika. Kulala ni kazi yenye sehemu zake maalumu ndani ya kichwa, na sehemu hizo ni miongoni mwa zile zinazoharibiwa na dimenshia. Ila usiku mbaya una sura zaidi ya moja. Kuna vurugu za jioni, kuna ndoto, kuna maruweruwe, kuna dawa, kuna maradhi mengine yaliyojificha. Kwa nje vinafanana, lakini namna ya kuvikabili inatofautiana, na ndiyo maana familia inayotafuta dawa moja ya usingizi mara nyingi huambulia matatizo zaidi.

Tuanze na saa ya mwili. Ndani kabisa ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna vikundi viwili vya seli, jumla yake kama 20,000 tu. Seli hizo hupokea habari za mwanga kutoka machoni, na kwa habari hizo hupanga lini mwili uchangamke na lini homoni ya melatonini imwagwe kwenye damu ili usingizi uje. Mwaka 1985 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Dick Swaab walizihesabu seli hizo katika bongo za watu waliokwisha kufariki. Waliona zimepungua kwa waliovuka miaka 80, na zimepungua zaidi kwa waliokuwa na Alzheimer, aina ya dimenshia inayowapata watu wengi kuliko zote. Saa hiyo ikilegea, usingizi hukatikakatika: lisaa limoja hapa, nusu saa pale, usiku na mchana bila mpango. Jioni uchovu wa siku na giza linaloingia hukutana, na kuanzia kama saa kumi na moja mzee hushindwa kutulia. Anazunguka chumba hadi chumba, anataka arudishwe nyumbani ilhali yuko nyumbani.

Saa hii hutengenezwa mchana, na kitengenezacho ni mwanga. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumepewa bure kitu ambacho wenzetu wa Ulaya hukitafuta kwa taa za bei: jua linalochomoza karibu saa kumi na mbili na kuzama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Hata kivuli cha mwembe kina mwanga mara nyingi zaidi ya sebule yenye taa. Lakini wagonjwa wetu wengi hufungiwa chumbani, pazia limeshushwa, eti wapumzike. Ninaelewa huruma iliyo nyuma ya jambo hilo, ila pumziko hilo ndilo linaloiba usiku. Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, nyumba 12 za kutunzia wazee zilihusishwa, wazee 189 kwa jumla, na baadhi ya nyumba zikawekewa taa kali sana mchana kutwa. Waliokaa kwenye mwanga walipungukiwa na huzuni, na akili zao zilizorota polepole kidogo kuliko wenzao. Si muujiza, lakini ni nafuu isiyohitaji duka la dawa.

Basi mtoe nje asubuhi. Akae barazani, apepete mchele, achambue mchicha, awarushie kuku pumba, atembee hadi kwa jirani akisindikizwa. Akisinzia mchana, iwe kidogo na iwe mapema. Chai ya rangi kali inayoshushia chakula cha usiku ina kafeini; mpe asubuhi, na usiku mpe uji au maziwa ya moto. Na taa ya sebuleni iwashwe kabla giza halijaingia, ili asione chumba kikibadilika sura mbele yake.

Sasa ndoto. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waligundua kwamba kuna kipindi cha usingizi ambapo macho hukimbiakimbia chini ya kope, na ukimwamsha mtu wakati huo mara nyingi atakusimulia ndoto. Kipindi hicho hurudi kila dakika 90 hivi, na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Wakati wa ndoto, shina la ubongo, yaani sehemu yake ya chini inayoungana na uti wa mgongo, huilegeza misuli, kama dereva anayeweka gia huru: injini inanguruma lakini gari haliendi. Ndiyo maana wewe huota unakimbizwa na nyoka na bado unaamka ukiwa pale pale ulipolala.

Kuna dimenshia ambayo kwayo gia hiyo huharibika mapema. Huitwa dimenshia ya Lewy, kwa jina la Fritz Lewy, aliyeyaeleza mwaka 1912 mabonge madogo ya protini yanayojikusanya ndani ya seli za ubongo. Mabonge hayo hayo huonekana kwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Yakilishika shina la ubongo, mtu huanza kuzitenda ndoto zake: anapiga mateke, anatukana, anaruka kutoka kitandani. Na ndoto zenyewe kwa kawaida ni za kushambuliwa, za mwizi, mnyama mkali au adui. Madaktari wa Minneapolis, Carlos Schenck na Mark Mahowald, waliueleza ugonjwa huu rasmi mwaka 1986. Baadaye, mwaka 2019, ulichapishwa utafiti wa watu 1,280 waliokuwa na tatizo hili bila ugonjwa mwingine wa ubongo; ilikadiriwa kwamba ndani ya miaka 12 zaidi ya asilimia 70 hupata Parkinson, dimenshia au ugonjwa wa jamii hiyo. Kwa hiyo, mume anayeanza kupigana usingizini akiwa na miaka 60 aende kwa daktari, hata kama akili yake bado ni kali.

Utamtambuaje? Kwa kawaida hutokea usiku umeshakwenda sana, macho yakiwa yamefumba, na ukimwita huzinduka upesi na kukuambia alichokuwa akipigana nacho. Usimtikise wala kumkumbatia kwa nguvu, maana utakuwa mwizi wa ndoto yake. Simama mbali kidogo, mwite jina. Kisha angalia kitanda. Katika nyumba zetu nyingi kuna panga au rungu chini ya uvungu kwa ajili ya wezi. Liondoe leo, lihifadhiwe chumba kingine na lifungiwe. Godoro lishushwe chini, stuli yenye ncha isogezwe, na mkewe alale kitanda chake kwa muda bila kuona aibu. Rekodi tukio moja kwa simu ukamwonyeshe daktari; dakika moja ya video humsaidia kuliko maelezo ya nusu saa. Mweleze pia kama mzee hukoroma na pumzi kukatika, kwa kuwa hilo nalo huleta usiku wa kukurupuka na lina matibabu yake.

Sura nyingine ni ya mzee aliyekwisha kuamka. Mimi na wewe tukishtuka kutoka ndotoni, baada ya sekunde chache tunajua ilikuwa ndoto. Dimenshia huondoa uwezo huo. Ndoto inabaki akilini kama tukio, na hofu yake inabaki mwilini. Bibi aliyeota ameibiwa fedha ataamka akiwa ameibiwa kweli, na wakati wa chai atamtaja mwizi: mara nyingi ni dada wa kazi, masikini, aliyekesha naye. Nyumba ngapi zimemfukuza binti asiye na kosa kwa ajili ya ndoto?

Giza huongeza lake. Koti lililotundikwa msumarini, kanga juu ya mlango, chandarua kinachopepea kwa upepo wa dirishani: kwa macho ya mzee mwenye dimenshia, hasa ile ya Lewy, vyote hivyo ni watu. Ondoa nguo ukutani, funika kioo kikimtisha, acha taa ndogo isiyochezacheza, kwani ulimi wa koroboi hufanya vivuli vitembee.

Na unamjibu nini anaposema kuna watu chumbani? Wengi wetu tunasema, "Hakuna mtu, lala!" Kwake maana yake ni kwamba yuko na wavamizi na mtoto wake hamwamini. Wala usimdanganye kwamba na wewe unawaona. Ishughulikie hofu. "Bibi, ni mimi mjukuu wako. Umeogopa, pole. Nipo hapa, mlango nimeufunga." Kaa chini usawa wa macho yake, mshike mkono akikubali, mpe maji, muulize kama anataka kwenda haja. Dua aliyoizoea tangu utotoni, tasbihi yake au wimbo wa kanisani humtuliza wakati maneno yetu yamegonga mwamba, kwa sababu yaliyoingia zamani hukaa zaidi. Sina ugomvi na maombi. Ugomvi wangu ni na kamba, viboko na kushindishwa njaa kwa jina la kutoa pepo.

Kuhusu dawa naomba usome polepole. Donepezil, inayotolewa kwa ajili ya kumbukumbu, huweza kuleta ndoto kali, na wengi hupangiwa kuinywa wakati wa kulala. Muulize daktari kama inaweza kuhamishiwa asubuhi. Propranolol ya presha nayo inajulikana kwa majinamizi. Lasix, dawa ya kupunguza maji mwilini, ikinywewa jioni itamwamsha kukojoa usiku kucha, na kila kuamka ni nafasi ya kuchanganyikiwa na kuanguka. Halafu kuna zile tunazojinunulia: Piriton na Phenergan, dawa za mzio zinazoleta usingizi. Hizi huzuia kemikali ya ubongo iitwayo asetilikolini, ambayo mgonjwa tayari anayo kidogo, na matokeo yake ni kuchanganyikiwa zaidi. Valium, dawa ya kutuliza, huongeza maanguko. La hatari kuliko yote ni haloperidol, sindano au vidonge vinavyotolewa kumtuliza mtu anayefanya fujo: kwa mwenye dimenshia ya Lewy inaweza kumkakamaza mwili, kumzimisha fahamu, hata kumuua. Kama mzee wako huona watu wasiokuwepo na mwendo wake umekuwa wa kuburuta miguu, mwambie daktari mambo hayo mawili kabla hajaagiza chochote. Ila usimwachishe dawa yoyote wewe mwenyewe.

Tofautisha pia polepole na ghafla. Dimenshia huzidi kwa miezi na miaka. Mzee aliyelala vizuri wiki iliyopita na tangu juzi anaweweseka, hajui pa kushika, ana ugonjwa mwingine: UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), nimonia, malaria, choo kilichoganda, maumivu asiyoweza kuyasema, au upungufu wa maji mwilini. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wazee homa wakati mwingine haionekani kabisa, kwa hiyo usisubiri mwili uchemke.

Mlezi naye ana mwili. Anayekesha kila usiku ataishia kumfokea mgonjwa, si kwa ubaya bali kwa kuchoka, na kufoka huongeza hofu iliyoanzisha kelele. Ndugu wagawane usiku. Kaka aliye Dar au Doha asiyeweza kuja alipe mtu wa zamu mbili kwa wiki. Huo ni uuguzi kamili kama wa yule anayeshika ndoo.

Na mwisho majirani. Mzee anayeonekana nje usiku wa manane akiwa hana nguo huambiwa anawanga. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana dimenshia. Kijiji chochote kikubwa, basi, kina watu wa namna hii. Wakati huo huo Shinyanga, Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa siku moja. Sisemi walikuwa na dimenshia. Nasema kwamba mgonjwa anayetangatanga usiku katika mazingira kama hayo yuko hatarini, na kumficha ndani kwa aibu kunaifanya hatari iwe kubwa zaidi. Nenda kwa mjumbe au mzee wa mtaa mchana, na wewe mwenyewe umwambie: mama yangu anaumwa ubongo, anaweza kutoka usiku bila kujua aendako, mkimwona msimpigie kelele, mfunikeni kanga na mnipigie simu. Mwambie hivyo hivyo mlinzi wa getini, imamu au mchungaji, na vijana wa bodaboda wa kona ya kwenu, ambao ndio huwa macho saa hizo. Namba yako ishone kwenye upindo wa gauni lake la kulalia.