Nyimbo za ndege wa misitu ya Taita: yasemwayo na ukweli wenyewe

“Ndege mbona wapo tele, kila alfajiri wanatuamsha!” Ukitaja kupungua kwa ndege katika Milima ya Taita nchini Kenya, jibu huwa hilo, na hakuna linalopotosha kuliko hilo. Wanaotuamsha ni shomoro, njiwa na kunguru, waliozoea mashamba na mapaa ya mabati. Ndege wa msituni haji uani kwako. Mkesha wa Taita, mwenye kichwa cheusi, mbavu za rangi ya kutu na mdomo wa rangi ya chungwa, hushinda kwenye kivuli akipekua majani makavu kutafuta wadudu. Amebaki katika vipande vya msitu kama Mbololo, Ngangao na Chawia, na kwingine kokote duniani hayupo. Akinyamaza, shomoro wataendelea na kelele zao, nasi hatutagundua lolote.

“Si wana mabawa? Msitu ukikatwa watahamia mwingine.” Wapo wanaoweza. Mkesha ni shida, maana ndege wa kivuli kizito huogopa mahali peupe, na kati ya kipande na kipande kuna mashamba matupu. Vinasaba vilipopimwa, ilionekana kwamba mikesha wa Mbololo, wa Ngangao na wa Chawia wameshaanza kutofautiana, kila kundi limejifungia kwake.

“Mti ni mti.” Hapana. Ingia chini ya misonobari uangalie: sindano kavu tupu, vichaka haba, wadudu wachache. Apalisi wa Taita, kindege mla wadudu wa vichakani, hawezi kuishi hapo, na leo yumo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Kuna pia wanaoamini kwamba dume peke yake ndiye mwimbaji. Msikilize tiva: mmoja huanza, mwenzake humalizia, dume na jike, kwa mpangilio mkali hata ukaapa kwamba ni ndege mmoja. Ukijikuta katikati yao ndipo unapong’amua: nusu ya wimbo inatoka kulia, nusu kushoto.

Dhana inayonihuzunisha zaidi ni kwamba ndege huzaliwa na wimbo wake. Njiwa, sawa. Lakini jamii kubwa ya ndege waimbaji hujifunza wakiwa wadogo, kwa kuwasikiliza wakubwa. Wakubwa wakipungua, wimbo unaweza kupotea kabla ya ndege mwenyewe. Limeshatokea Australia, kwa ndege mwenye manyoya meusi na ya manjano anayenyonya mbochi wa maua, Anthochaera phrygia. Wamebaki mia chache tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kiasi cha asilimia 12 ya madume hawaimbi wimbo wa jamii yao kabisa. Wanaiga ndege wengine, kwa kuwa hawakuwa na wa kumsikiliza. Na madume wenye wimbo usio wa kawaida hupata wenza kwa shida. Sasa makinda wanaolelewa vizuizini huchezewa rekodi na kuwekwa karibu na madume wanaojua kuimba, kabla ya kuachiwa porini.

Taita wasingoje kufika huko. Misonobari na mikaratusi iliyobanana na misitu hii ipunguzwe hatua kwa hatua, miti ya asili ipandwe mahali pake, na vipande vilivyotengana viunganishwe kwa ukanda wa miti hiyo, ili makinda wa mkesha na wa apalisi wakulie panaposikika sauti za wakubwa wao.