Chanzo cha muziki wa dijitali, na kama kweli hubadilisha sauti

Wapenzi wa muziki wakisema "chanzo", humaanisha kifaa kinachosoma muziki ulikohifadhiwa na kuupeleka kwenye kigeuzi, yaani chombo kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti. Chanzo chaweza kuwa kompyuta, simu au mashine ya CD. Je, wimbo uleule ukichezwa na kompyuta mbili tofauti, utasikika tofauti?

Muziki wa kiwango cha CD ni sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 44,100 kila sekunde, kila moja ikiwa namba ya biti 16, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Namba hizo zikifika zote kwa mpangilio wake, hazibebi kumbukumbu ya zilikotoka. Diski, flashi au intaneti, 7 ni 7. Faili la FLAC hubanwa, lakini likifunguliwa hurudisha namba zilezile. MP3 ndiyo hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Hapo kompyuta haina kosa.

Tatizo ni kwamba mara nyingi namba hubadilishwa njiani, na wengi hawajui. Mfumo endeshi huchanganya wimbo, video na milio ya ujumbe, kisha hutoa vyote kwa kasi moja, aghalabu 48,000. Wimbo wa 44,100 hulazimika kukokotolewa upya. Ukipunguza sauti ndani ya programu, namba hubadilika pia. Ndiyo maana zipo programu za muziki zinazokishika kigeuzi peke yao na kupitisha namba bila kuziguzaguza. Mimi ningekagua mipangilio hii kabla ya kufikiria kununua kompyuta nyingine au waya wa gharama.

Kisha kuna saa. Kila sampuli lazima igeuzwe kwa wakati wake, na saa ikiyumba, wimbi la sauti hupotoka kidogo. Katika muunganisho wa S/PDIF, yaani njia ya kupeleka sauti ya dijitali kutoka kifaa kimoja hadi kingine, kigeuzi hufuata mwendo wa saa ya chanzo, kwa hiyo chanzo kibovu chaweza kuleta athari. Vigeuzi vingi vya USB vya leo hufanya kinyume: vina saa yao, huiambia kompyuta ilete data kwa kasi gani, na namba husubiri zamu kwenye hifadhi ndogo ya muda.

Umeme nao una lake. Kelele za ndani ya kompyuta zaweza kusafiri kwenye waya wa USB hadi kwenye amplifaya. Utasikia mlio mwembamba unaobadilika unaposogeza kipanya. Kebo ya mwanga huikata njia hiyo, maana haipitishi umeme.

Ukitaka kuhakikisha, mwombe mtu akubadilishie vyanzo bila wewe kujua kipi kinacheza, mara nyingi, si mara mbili tu. Kwanza sawazisha ukubwa wa sauti kwa kipimo: kinachopiga juu kidogo tu, sikio hukiona ndicho bora.