Pamba Uganda: kweli wazee walilima kwa kupenda tu?

Wengi tumekua tukiambiwa Uganda haikuwa na mashamba makubwa ya wazungu kama Kenya, kwa hiyo pamba watu walilima wenyewe kwa hiari. Nusu yake ni kweli, wengi walikuwa wakulima wadogo, ila kodi ya nyumba ya mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda, rupia 3, ilitaka hela na pamba ndo ikawa njia ya kuipata, halafu machifu nao wanakusukuma ulime. Bado kasanvu, kazi ya lazima ya serikali, 1909 mpaka 1922. Na watu hawakunyamaza, 1949 Buganda ilichafuka, dai moja likiwa wakulima wachambue pamba yao wenyewe. Ukitaka kuhakikisha muulize jjajja (babu au bibi) alichosimuliwa kuhusu kasanvu, au soma mkataba wenyewe, kodi imeandikwa mle.