Kikokotoo chako hakijaharibika

Juma lililopita, saa tatu usiku, mama wa mwanafunzi wangu wa kidato cha nne alinipigia simu. "Mwalimu, niwie radhi kwa usumbufu," akaanza, kisha akaniuliza ni duka gani mjini linalouza vikokotoo vya kweli, kwa kuwa alichomnunulia bintiye kilikuwa kimeanza kutoa majibu ya ajabu, nacho kilikuwa cha pili mwaka huu. Nimefundisha hisabati na fizikia katika sekondari za pwani ya Kenya kwa miaka mingi, na sikumbuki ni mara ngapi nimeletewa kikokotoo kilichokwisha kuhukumiwa kifo ilhali ni kizima kabisa. Nilimwomba asinunue chochote mpaka nikione.

(Wasomaji wa Tanzania wanivumilie. Najua kwamba kwao neno "kikokotoo" limekwisha kuchukuliwa na mjadala wa mafao ya wastaafu. Hapa nazungumzia mashine yenye vitufe.)

Swali lililozua kizaazaa lilikuwa la latitudo na longitudo: tafuta umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo ya digrii 60 Kaskazini, ikiwa tofauti ya longitudo zake ni digrii 40, nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,370 na pai ni 22/7. Binti aliandika kanuni sawasawa: 40/360 × 2 × 22/7 × 6,370 × cos 60. Jibu ni kilomita 2,224 na ushei, lakini kioo chake kilionyesha −4,237. Kwa kuwa anajua kwamba umbali hauwezi kuwa hasi, aliifuta alama ya hasi, akaandika kilomita 4,237 na kuendelea na swali lililofuata. Kufuta huko ndiko kulikoniuma. Mashine ilikuwa imempa onyo la wazi kabisa, naye akalitupa na kubaki na namba inayofanana na umbali halali. Angekumbuka kwamba kwenye ikweta umbali huo ungekuwa takriban kilomita 4,449, na kwamba kwenye latitudo 60 mzunguko wa dunia ni nusu ya ule wa ikweta, asingehitaji hata betri kujua kwamba 4,237 haiwezekani.

Juu ya kioo palikuwa na herufi ndogo R. Basi. Kikokotoo kilikuwa kikisoma 60 kama radiani 60 (radiani ni kipimo kingine cha pembe), na kwa kuwa radiani moja ni takriban digrii 57.3, kilizunguka duara mara tisa na nusu hivi ndipo kikasimama na kumpa kosaini ya mahali kiliposimama, ambayo ni −0.952. Kilijibu swali alilokiuliza, na kililijibu kwa usahihi wa tarakimu kumi. Nani alikiweka kwenye radiani? Kaka yake, anayesoma uhandisi chuoni, alikiazima wikendi. Huko chuoni radiani ndiyo lugha ya kawaida, na kwa sababu nzuri: sheria isemayo kwamba kinyambuo (kasi ya kubadilika) cha sin x ni cos x ni ya kweli kwa radiani tu, na ukiitumia kwa digrii utaburuta kizidisho cha pai juu ya 180 kila uendako.

Kipimo changu ni kimoja, nacho huchukua sekunde tatu: bonyeza sin 30. Ukipata 0.5, uko kwenye digrii, ukipata −0.988, uko kwenye radiani, ukipata 0.454, uko kwenye gradi, kipimo kinachogawa pembemraba sehemu 100 na ambacho sijapata kukutana na mtu anayekihitaji darasani. Kwenye Casio fx-82MS unabonyeza MODE mara mbili kisha 1. Kwenye Casio za jamii ya ES ni SHIFT, MODE, kisha 3. Fanya hivyo kabla ya kila mtihani, hata kama kikokotoo ni chako peke yako na unalala nacho chini ya mto.

Hayo ya pembe nayasamehe, kwa sababu herufi yenyewe ni ndogo kama chawa. Ninayoshindwa kuyasamehe ni yale ya mpangilio wa matendo, hasa kwa vile wa kulaumiwa ni sisi walimu. Wenzetu wa Tanzania hufundisha kwa neno tamu la MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sisi tuna BODMAS yenye mfuatano huohuo. Mwanafunzi aliyelikariri vizuri hukokotoa 10 − 4 + 3 kwa kujumlisha kwanza, akapata 3. Kikokotoo kinampa 9. Basi anakuja kwangu na ushahidi kwamba mashine haijui MAGAZIJUTO! Ukweli ni kwamba kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto, vivyo hivyo kuzidisha na kugawanya. Cha kushangaza ni kwamba kutanguliza GA mbele ya ZI hakuleti madhara, kwa sababu kugawanya kwanza hukupa jibu lilelile la kushoto kwenda kulia. Ni JU mbele ya TO inayowaangusha watoto, nasi tumeifundisha miaka nenda miaka rudi kama vile silabi za neno ni sheria ya hisabati.

Kisha kuna swali ambalo kila mwaka huletwa na mtu anayedhani amegundua kitu: 6 ÷ 2(1 + 2). Mashine moja husema 9, nyingine husema 1, na mwenye kupata jibu asilolipenda hutangaza kwamba kikokotoo cha jirani ni feki. Vyote ni vizima. Baadhi ya vikokotoo huchukulia kuzidisha kusikoandikwa alama, kama huku kwa 2 na mabano, kuwa na nguvu kuliko kugawanya, na vingine havifanyi hivyo. Casio fx-991EX hukuongezea mabano yake yenyewe kwenye kioo ili uone ilivyokuelewa, halafu hutoa 1. TI-84 Plus ya Texas Instruments hutoa 9, ilhali TI-82, ya kiwanda hichohicho, ilitanguliza kuzidisha kusikoandikwa na kutoa 1. Ninakiri kwamba kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi jibu ni 9 na nikafunga mjadala kwa sauti ya mwalimu. Siku hizi sina uhakika huo. Ninapoandika 1/2π ubaoni katika somo la fizikia, namaanisha moja juu ya pai mbili, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunielewa vinginevyo. Naona swali lenyewe limeandikwa vibaya, na tiba yake ni mabano.

Mabano hayohayo yangeokoa alama nyingi katika milinganyo ya kipeo cha pili. Katika x² − 3x − 10 = 0, mwanafunzi huingiza −3² kwenye kanuni akitarajia 9, kikokotoo kikampa −9, chini ya kipeuo akapata 31 badala ya 49, na majibu safi ya 5 na −2 yakageuka msitu wa desimali. Andika (−3)².

Mengine nayapitia haraka. Kitufe cha EXP tayari kina "mara kumi kwa kipeo" ndani yake, kwa hiyo anayeingiza 3 × 10 EXP 8 amepata kasi ya mwanga mara kumi zaidi ya ile ya Mungu. Kitufe cha sin⁻¹ hutafuta pembe. Hakigawanyi moja kwa sin. Na kikokotoo kinachosema kwamba 2 ÷ 3 ni 1 kimewekwa Fix 0, yaani kimeamriwa kisionyeshe desimali hata moja.

Shaka yangu ni kwingine. Mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari Kenya, huruhusu kikokotoo kisichopangika (kisichoweza kuwekewa programu) pamoja na majedwali ya hisabati, na bado huwa na maswali yanayokataza kikokotoo waziwazi. Zamani niliona maswali hayo kama ukaidi wa wazee. Lakini mtu aliyetumia majedwali ya logi alilazimika kujua mwenyewe desimali inakaa wapi, na kwa hiyo alikuwa na makadirio kichwani kabla ya jibu. Sijui namna nyingine ya kuyajenga makadirio hayo kwa watoto arobaini na watano katika dakika arobaini, na nimejaribu.

Nilibonyeza MODE mara mbili, kisha 1, nikamrudishia binti kikokotoo chake. Akaandika sin 30, akaitazama 0.5 kwa muda, akaniuliza kama kile cha kwanza, walichokitupa mwezi wa pili, nacho kilikuwa na R.