Acheni kupima dunia kwa Arusha na Moshi

Nimeletewa tena msimbo wa programu ya usafirishaji wenye mstari uleule wa kupima umbali: tofauti ya latitudo, tofauti ya longitudo, kanuni ya Pythagoras, halafu zidisha kwa 111, yaani kilometa za digrii moja. Na utetezi ni uleule: "Tumeijaribu Arusha hadi Moshi, inakubali." Lazima ikubali! Tuko digrii tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, ambako digrii ya longitudo inakaribia kulingana na ya latitudo. Nendeni Oslo au Helsinki, kwenye latitudo 60, digrii hiyo ya longitudo imebaki kilometa 56 hivi. Hakuna mahali pabaya pa kujaribia kosa hili kama hapa kwetu, kwa sababu hapa halionekani.

Tumieni haversine, fomula ya umbali kati ya pointi mbili juu ya tufe. Geuzeni digrii ziwe radiani (kipimo cha pembe kinachotumiwa na fomula hizi) kwanza, hilo sitalieleza. Angalieni na mpangilio: GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, huanza na longitudo. Ukizibadilisha nafasi, Arusha inaangukia baharini kusini mwa Hispania.

Sasa niseme linaloniudhi zaidi. Haversine huichukulia dunia kuwa tufe, kwa kawaida la nusu kipenyo cha kilometa 6,371. Dunia ya WGS84, kielelezo cha umbo la dunia kinachotumiwa na GPS, imebonyea, na nusu kipenyo chake ni kilometa 6,378.137 kwenye ikweta, 6,356.752 kwenye ncha. Watu husema kosa lake ni kama nusu asilimia, wakaishia hapo, kana kwamba limegawanyika sawa kila upande. Halikugawanyika sawa. Arusha hadi Moshi, kuelekea mashariki, haversine inapunja mita 80 hivi katika kilometa 73 za mstari mnyoofu. Arusha hadi Dodoma, ukishuka kusini, inazidisha kilometa moja na nusu katika 327. Sababu ni kwamba huku karibu na ikweta, mpindo wa dunia wa kaskazini-kusini una nusu kipenyo cha kilometa 6,335 tu, hivyo digrii ya latitudo ni fupi kuliko haversine inavyodhani. Kwa hiyo msihangaike kubadilisha ile 6,371. Mkiweka 6,378, Moshi inakaa sawa na Dodoma inazidi kuharibika.

Mkitaka usahihi kweli, ipo fomula ya Vincenty ya 1975, inayohesabu umbali juu ya dunia iliyobonyea, ila hukwama pointi mbili zikikaribia kuwa pande mkabala za dunia. Ya Karney ya 2013 haikwami, nayo imo kwenye GeographicLib, maktaba ya programu. Zote mbili husifiwa kwa usahihi wa milimita.

Hata hivyo hizo milimita zinazosifiwa zinanitia shaka. Fomula hizi hupima juu ya uso wa duaradufu, yaani hilo umbo lililobonyea, karibu na usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu, Moshi karibu 900. Ukiuinua mstari hadi mwinuko huo, unarefuka mita kumi na kitu. Mpima ardhi analijua hilo na hulisahihisha. Sisi waandika programu tunachapa desimali nane na kuziita umbali. Kwa programu ya kusafirisha mizigo, ambako barabara yenyewe ina kona zake, sioni sababu ya kumwonyesha mteja chochote chini ya mita mia.